Alama Mbili za Agatha na Barua ya Bi. Mokami

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mokami Nchagwa atakuwa amekitumikia chama chetu cha akiba na mikopo kwa miaka thelathini na moja. Aliajiriwa mwaka 1994 kama mpiga chapa, wakati ofisi yetu ya Bomani ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Anastaafu akiwa ofisa mikopo, cheo alichokaa nacho miaka kumi na miwili bila kupanda. Sababu ya kutopanda naijua kuliko mtu yeyote, na nitaieleza.

Kwanza niseme yanayofurahisha, maana ni mengi. Mzee aliyefika kaunta yake alipewa shikamoo, akapewa kiti, ndipo akaulizwa shida yake, kwa Kikurya, Kijaluo au Kiswahili, yeye mwenyewe achague. Mwanachama mmoja wa Sirari alipoleta hisa zake kwa shilingi za Kenya, Bi. Mokami aliomba ruhusa akarudi naye mpakani, akasimama pembeni yake mpaka wabadilisha fedha walipompa kiwango cha haki. Na katika daftari la mahudhurio amechelewa mara moja tu. Kwenye safu ya sababu aliandika neno moja: ng'ombe.

Mwaka 2019 chama kiliingia ubia na benki, tukaanza kuwapa wanachama kadi za mkopo. Kila kadi ina kikomo chake, na kila mwenye kadi ana alama za ukopaji, yaani namba inayoonyesha anaaminika kiasi gani kukopeshwa. Kwetu aliye chini ya 650 hapati mkopo mkubwa. Sisi wengine tuliamini kwamba ukilipa kwa wakati alama hazishuki. Bi. Mokami hakuridhika. Alinunua daftari la shule akawa anaandika, mwezi hadi mwezi, mwanachama ametumia sehemu gani ya kikomo chake siku ya kufunga hesabu, ambayo ni tarehe 25, na alama zake zimesimama wapi. Baada ya miezi minane alikuwa amegundua jambo: mtu anaweza asichelewe kulipa hata siku moja, lakini akitumia kadi zaidi kidogo ya kawaida yake, alama zinashuka. Akipunguza kabla ya tarehe 25, zinapanda tena.

Mimi, Sylvester Ryoba, nilikuwa mkuu wake katika kitengo cha mikopo. Nilikuwa na shahada na nilikuwa na haraka. Sikulisoma daftari lile.

Machi 2021 alikuja Agatha, mama mjane wa kijiji cha Nyakunguru anayesaga na kukoboa nafaka kwa mashine ya kukodi. Mwenye mashine alikuwa anaiuza, na Agatha aliomba mkopo ainunue. Kikomo cha kadi yake kilikuwa shilingi milioni mbili. Kawaida yake alitumia laki tano na sitini, na alama zake zilikuwa 657. Mwezi uliotangulia alinunua mkanda wa mashine kwa laki moja na sitini, matumizi yakafika laki saba na ishirini. Alama zikashuka hadi 648. Alipungukiwa na mbili.

Bi. Mokami aliingia ofisini kwangu na daftari lake. Alinionyesha kwamba Agatha hajawahi kuchelewa kulipa, na kwamba ameshazirudisha zile laki moja na sitini. Ila hesabu ilifungwa kabla hajazirudisha. Aliomba tusubiri tarehe 25 ijayo, siku kumi na tisa tu. Nilimjibu kwamba utaratibu ni utaratibu, nikagonga mhuri wa kukataa. Wiki iliyofuata mashine iliuzwa kwa mtu mwingine.

Bi. Mokami hakugombana nami. Alichukua karatasi ya manila akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika mapokezi: "Mwanachama, ukiweza, punguza deni la kadi kabla ya tarehe 25. Alama zako zitapona." Niliibandua mbele ya wanachama waliokuwa kwenye foleni. Mchana huo nikamwandikia barua ya onyo, kwamba anawafundisha wanachama kuudanganya mfumo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, kisha akamwita mtu aliyefuata.

Mwaka uliofuata niliomba mkopo wa nyumba. Nilikuwa nimenunua mabati kwa kadi yangu, na alama zangu zilisoma 644. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijua fika la kufanya, kwa sababu nilikuwa nimelisoma kwenye ile karatasi niliyoibandua. Nililipa sehemu ya deni tarehe 23. Hesabu zilipofungwa nilikuwa na 661, na mkopo nikaupata. Nyumba ninayolala leo imejengwa kwa ushauri niliomwonya mtu kwa kuutoa.

Hapo ningeweza kuifuta barua. Sikuifuta. Badala yake, kwenye mkutano wa mwaka wa matawi, nilisimama nikawafundisha wenzetu jambo lile lile kana kwamba nimelivumbua mimi. Walipiga makofi. Bi. Mokami alikuwa safu ya tatu, daftari mapajani, na yeye alipiga makofi pamoja nao. Miezi miwili baadaye nilifanywa meneja wa tawi. Nafasi ya mkuu wa elimu kwa wanachama ilipotangazwa, jina lake lilikuwa la kwanza. Kamati ikafungua jalada lake, ikakuta onyo, ikapita kwenye jina linalofuata. Nilikuwa kwenye kile kikao. Niliangalia meza.

Mwezi uliopita niliombwa kuandika wasifu huu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya vichekesho vitupu. Niliipeleka nyumbani kwake ili ahakiki tarehe. Alivaa miwani, akaisoma yote taratibu, akanirudishia.

"Tarehe ziko sawa," alisema. "Lakini huyu unayemsifu hapa, ndiye yule uliyemwandikia barua?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nilimwomba msamaha, nikamweleza mpaka habari ya mabati, ambayo hakuwa akiijua. Alivua miwani. Kisha akasema, "Mimi mshahara wangu uliendelea kuingia, Sylvester. Nenda kwa Agatha."

Nilikwenda Nyakunguru Jumamosi ya wiki ile ile. Agatha bado anakodi mashine, sasa kwa yule aliyeinunua. Nilimweleza kwamba alipungukiwa na alama mbili tu, kwamba zingerudi ndani ya siku kumi na tisa, na kwamba mimi ndiye niliyekataa kusubiri. Alijipangusa unga mikononi kabla ya kunijibu.

"Nilijua mimi ni mdeni mbaya," alisema. "Miaka minne naogopa hata kuishika ile kadi."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nilirudi Bomani nikaandika barua mbili. Moja ilikwenda bodi, na Jumanne iliyopita bodi ilikubali kuliondoa onyo na kuweka maelezo yangu mahali pake. Pia imekubali kwamba mwanachama aliyepungukiwa na alama chache kwa sababu ya matumizi ya kadi asubiriwe hadi tarehe 25 ijayo kabla ya kukataliwa. Cheo alichokikosa Bi. Mokami hakirudishiki, kwa kuwa muda umekwisha. Barua ya pili ilikwenda kwa Agatha, ikimwalika kuomba upya. Hadi ninapoandika hajajibu.

Kwenye sherehe ya kumuaga nitausoma wasifu huu mimi mwenyewe, wote, bila kuruka aya.

Bi. Mokami, kwa niaba ya wanachama na wafanyakazi wenzako, asante. Wengi wamejenga, wamesomesha na wamefungua biashara kwa maneno uliyowaambia kwa sauti ya chini pale kaunta, huku mimi nikijifanya sisikii. Nenda ukapumzike kwa dada zako Mugumu, ule ulichopanda, ulale hadi jua lipande ukipenda. Mungu akupe afya na miaka mingi. Na sisi tunaobaki, atupe moyo wa kumsikiliza mtu akiwa bado yupo kazini.