Kiguu na Njia na Protini Isiyotaka Haraka

Marehemu kaka yangu, ambaye ninyi nyote mlimwita Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watatu. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye kitinda mimba. Mama alikuwa akisema kaka alitoka kabla mkunga hajanawa mikono. Tangu siku hiyo hakuna kiti kilichomweza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Mwalimu wake wa darasa la tatu, alipochoka kumwambia "keti", alimpa kazi ya kufuta ubao ili awe na sababu ya kusimama. Mwaka 1992 alihitimu shahada ya baiolojia. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara inayochunguza uzazi wa wanaume, akadumu huko hadi alipougua, jambo lililotushangaza sote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza protini moja ya binadamu, ile iliyo juu ya yai la mwanamke, ambayo mbegu ya kiume huishika kabla ya kuingia. Hawakuitoa kwa mwanamke yeyote. Walipandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza. Ikitoka huko imejikunja vibaya, lazima ifunguliwe na kukunjwa upya kwenye chumba cha baridi, tone kwa tone. Ukiiharakisha inakatika kama maziwa. Kaka aliharibu nyingi mno kabla ya kukubali kwamba haraka haraka haina baraka. Alivaa koti zito, miguu ikahangaika chini ya meza, lakini mkono ulingoja. Sijui kitu kingine alichowahi kukisubiri hivyo.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, huyu aliyeketi mbele. Miaka ikapita bila mtoto. Wifi alipimwa huku na kule. Mume hakuna aliyemwambia apimwe, wala yeye hakujiuliza, na kazi yake ndiyo hiyo! Mganga hajigangi. Shangazi yetu, tena kwenye harusi ya watu, akamwambia wifi, "Wenzio wanabeba watoto, wewe unabeba mkoba." Kisha akaanza kumtafutia kaka mke wa pili.

Mwaka 2006 maabara ilihitaji mbegu za mwanamume asiye na tatizo, za kulinganishia. Kaka akajitolea: "Chukueni zangu, mimi buheri wa afya." Zikawekwa pamoja na protini, zikapita bila kuishika. Akasema protini imeharibika, akaimwaga, akatengeneza nyingine. Nayo ikawa vilevile. Alikuwa anataka kumwaga ya tatu mwenzake alipomshika mkono. "Kiguu, acha. Hebu tujaribu na mbegu za mtu mwingine."

Za yule mtu zilishika papo hapo.

Hakuvua hata koti la maabara. Jioni hiyo alituita nyumbani kwa baba, akasema akiwa amesimama: "Mke wangu hana kasoro. Tatizo ni mimi, nimelipima mwenyewe. Habari za mke wa pili ziishe leo." Shangazi akacheka. "Unamfichia mkeo aibu, mwanangu." Wapo wanaomwamini shangazi mpaka leo, na mimi linanikera, siwezi kulimeza hata mbele ya jeneza.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2022. Daktari alimwamuru alale, yeye akatembea wodini akisukuma chuma cha dripu, akiamkia wagonjwa. Wiki ya mwisho aliniambia, "Mdogo wangu, siku ya kunisoma usiseme hatukujaliwa. Sema ni mimi." Wifi alinisihi niliache, mumewe asiaibike. Wifi, nisamehe, nimetumwa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2023 muuguzi alimkuta ameegemea mto, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ameshatuacha.

Ameacha mke, dada wawili na shangazi. Ameacha pia protini kwenye friza ya maabara. Wenzake wataendelea kuitumia kutafuta kwa nini mbegu za baadhi ya wanaume, kama zake, hupita tu. Mtoto hakuacha, na sababu mmeisikia.

Shangazi, nenda ukae na wifi.

Kaka, nimewaambia. Weka chini hicho kiatu, upumzike kwa amani.