Damaris Mokeira Ochoki (1956–2025), Shemasi Aliyepima Maji kwa Jagi

Damaris Mokeira Ochoki alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kebirigo, Nyamira. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyangate na marehemu Mama Ruth. Wasifu huu umeandikwa na Tryphosa Mogire, mke wa shemeji yake, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Aliagiza mambo mawili: usiwe mrefu, kwa kuwa watu watakuwa wamesimama juani, na kisa cha ndizi na kisa cha mitungi vielezwe vyote bila kutia chumvi wala kuficha. Agizo la kwanza ni rahisi. La pili limemkosesha mwandishi usingizi.

Alisoma shule ya msingi karibu na kwao na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1971, akapita vizuri. Alisoma sekondari miaka miwili tu, kisha babake akaugua na masomo yakaishia hapo. Kila asubuhi kabla ya shule aliteremka mtoni mara mbili, na ule mlima wa kurudi aliusimulia hadi uzeeni. Alisema uzito wa maji alijifunza kwa shingo, si darasani.

Tarehe 18 Desemba 1977 alifunga ndoa na Zablon Ochoki wa hapa Kenyenya. Walijaliwa watoto watatu: Fred, Maureen na Abigael. Mzee Ochoki alifariki mwaka 2009. Tryphosa alipoolewa boma la pili mwaka 1981, hakujua hata kuchuma chai, na Mokeira ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha majani mawili na kichipukizi. Waliteka maji kwenye chemchemi moja. Chumvi ya mmoja ikiisha, mwingine alikuwa nayo.

Kuanzia mwaka 1984 hadi alipostaafu mwaka 2011, marehemu alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana. Maji ya shule ile yalikatika mara kwa mara, na yeye hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Maji aliyooshea mboga ndiyo aliyopigia deki, na yaliyopigiwa deki alimwagia miti. Wasichana wakambandika jina la Mama Tone. Alilipenda. Nyumbani aliweka mifereji kwenye kila bati, hata la banda la ng'ombe, na wajukuu walipiga mswaki kwa kikombe kimoja kila mtu. Siku moja mjukuu wake Ronny, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, aliacha bomba la tangi likitiririka huku akipaka sabuni. Bibi alilifunga kwa kufuli akaondoka na funguo.

"Magokoro, niko na sabuni kwa macho!" Ronny akamwita bibi yake kwa kelele.

"Kaa nayo kidogo, ndiyo ujue maji ni nini," akamjibu, akaenda kwanza kumpa ng'ombe majani.

Kanisani alikuwa kiongozi wa mashemasi wanawake tangu mwaka 2012, na Tryphosa akiwa msaidizi wake. Mwanzoni mwa mwaka 2017 kiangazi kilikuwa kikali na chemchemi ikabaki kutoa machozi tu. Ilipofika Sabato ya Meza ya Bwana, ambapo waumini hutawadhana miguu wawili wawili kabla ya kushiriki mkate na divai, mabeseni yalikuwa yakijazwa pomoni kama kawaida. Mokeira akasema imetosha. Jagi moja kwa watu wawili, basi. Maji yaliyotumika aliyakusanya kwenye pipa, na Jumapili akayamwagia migomba iliyo nyuma ya kanisa. Tryphosa alipoongeza jagi la pili kwa wageni, alikaripiwa mbele ya akina mama wote. Jambo hilo lilimuuma, na hakulisema.

Migomba ile ilizaa kuliko yote ya kijijini. Mwezi wa Agosti ndizi zake zilipikwa kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, wageni wakala na kuomba ziongezwe. Kabla chakula hakijaisha maneno yakaanza kuzunguka kwamba watu wamelishwa ndizi za miguu. Mama mmoja alijaribu kutapika, akashindwa, kwa sababu zilikuwa tamu. Baraza la kanisa lilimwita Mokeira Jumapili, tarehe 3 Septemba 2017.

"Sasa dada yetu, kweli wewe unataka tukule ndizi ya miguu ya watu?" akauliza mzee wa kanisa, Mzee Momanyi.

"Mzee, ng'ombe yako inakojoa kwa shamba la mboga kila siku, na hiyo mboga unakula."

"Hii ni huduma takatifu!"

"Ndiyo sababu sikumwaga kwa barabara."

Watu wakacheka, lakini hawakubadili nia. Mokeira alivuliwa uongozi, akaweka ufunguo wa tangi la kanisa mezani na kurudi nyumbani. Tryphosa alikabidhiwa ufunguo huo siku hiyo hiyo. Aliyepeleka habari za ndizi kwa wageni, tena katikati ya mlo, alikuwa Tryphosa. Hakuna aliyemtuma, ila lile karipio la jagi. Miaka hii yote lawama imewaangukia wengine, na leo wanaondolewa.

Tangu hapo Mokeira alikaa benchi la nyuma. Hakukosa Sabato hata moja. Kila robo mwaka, watu walipochagua wenzao wa kutawadhana, yeye na Tryphosa walichagua wengine, kila mmoja akijifanya hajamwona mwenzake. Wanaoijua huduma hii wanajua kwamba mtu unayemkwepa ndiye unayepaswa kumwinamia.

Kiongozi mpya alijaza mabeseni pomoni, na watu wakamsifu kwa ukarimu. Sabato ya Meza ya Bwana ya tarehe 30 Machi 2019 ilipokaribia, mvua zilikuwa zimechelewa, na Alhamisi kisima cha ubatizo kilikuwa kimejazwa kutoka kwenye tangi lile lile. Ijumaa alasiri Tryphosa alifungua bomba, likakohoa mara mbili na kunyamaza jii. Jua likizama Sabato ingekuwa imeingia, na hakuna ambaye angeruhusiwa kwenda kuteka. Kabla hajajua aanzie wapi, Fred alitokea akisukuma toroli lenye mitungi. Alienda na kurudi mara nne, akaipanga mitungi minane mlangoni.

"Mama alipitia hapa jana akagonga tangi, akasikia liko tupu," Fred akasema. "Amesema maji ya kesho ndiyo hii, ya mvua ya kwetu. Watu wasikose kutawadhana."

Asubuhi yake Mzee Momanyi alisimama mbele ya kanisa na kumshukuru Tryphosa kwa kujipanga mapema wakati vijiji vyote vina shida. Watu wakasema amina. Tryphosa akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu na kupokea shukrani. Mokeira alikuwa kwenye benchi la nyuma, na amina yake ilisikika pamoja na za wengine. Hakulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote, na alimkataza Fred kulitaja.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali moja mjini Kisii. Daktari alimwekea kipimo cha maji ya kunywa, glasi mbili kwa siku. "Sasa ni mimi napimiwa," alimwambia Maureen, akacheka hadi muuguzi akaja kuangalia. Alivumilia sana. Mapema mwezi huu alilazwa, na Alhamisi, tarehe 6 Machi, Tryphosa alikwenda kumwona. Walizungumza habari za chai na watoto. Alipoinuka kuondoka, Mokeira alimshika mkono.

"Mama Eric, wasifu wangu utaandika wewe. Uandike ukweli, wa ndizi na wa mitungi."

"Kwa nini mimi, na watoto wako?"

"Watoto wataandika nilikuwa mzuri. Wewe ndiye unajua nilifanya nini."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema nisamehe. Chumbani kulikuwa na wagonjwa wengine, na Tryphosa aliona haya. Alipanga kurudi Jumatatu na beseni dogo, amtawadhe miguu pale pale kitandani. Damaris Mokeira Ochoki alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha watoto wake Fred, Maureen na Abigael, wajukuu saba, dada mmoja, na shemeji yake Mogire. Ameacha pia Tryphosa, ambaye amesoma haya mwenyewe mbele ya kanisa lililomsifu kwa maji yasiyo yake.

Mokeira apumzike kwa amani hadi asubuhi ya ufufuo. Tryphosa anaomba siku hiyo wafufuliwe karibu karibu, maana ana neno la kumwambia, na safari hii hatangoja Jumatatu.