Mama Cibalonza wa Nyavu na Vitufe

Wasifu wa marehemu Cibalonza Veneranda, 1957–2025. Maneno ni ya mume wake, Mzee Zabroni. Yanasomwa na mtoto wao mkubwa, Olivier.

Jamaa, majirani, watu wa kanisa, na ninyi mliotoka Nyanza-Lac na Gatete, amahoro. Murakoze, asanteni kufika. Sitasema mengi. Marehemu hakupenda maneno marefu msibani. Alikuwa akisema watu wana njaa na jua ni kali. Lakini aliacha swali moja nyumbani, akaondoka kabla hatujalijibu. Jibu mtalisikia hapa, kabla hatujamshusha.

Marehemu alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 3 Machi 1957. Baba yake alikuwa Cirhuza, mtu wa Kabare, na mama yake Nsimire. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Mwaka wa 1964 vita vilipowaka kule, wazazi wakaja naye hapa Rumonge. Alifika ana miaka saba, na sufuria kubwa kichwani. Sufuria ile bado iko nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, tangu 1965 hadi 1968. Akaacha, kwa sababu mama yake alihitaji mikono ya kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ila herufi alikuwa amezishika, na hakuziachia. Ukimpa karanga zimefungwa kwenye karatasi, anasoma karatasi kwanza, karanga baadaye.

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu. Alifundishwa na mjomba wake, pale ufukweni. Wengi wenu mlimwona: anakaa chini, miguu ameinyoosha, anatia jicho la wavu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, anavuta, sindano inapita. Wavu usipovutwa, macho hayalingani. Wavuvi walikuwa wanamtania: “Mama, sasa unashona na muguu?” Naye anajibu bila kuinua kichwa: “Mikono iko mibili tu. Huu ni wa tatu.” Hata ukimbizini Tanzania, 1996 hadi 2004, mahali pasipo na ziwa, hakukaa bure. Aliwashonea watoto wa kambi nyavu za goli la mpira.

Tulioana tarehe 28 Agosti 1976. Mimi nilikuwa mkamuaji wa mawese. Nilimpelekea gunia la kukamulia lililopasuka, nikamwomba alishone. Akaligeuza, akasema, “Hili limekatwa na kisu.” Nikajifanya naangalia mitumbwi. Akalishona. Wiki iliyofuata nikaleta lingine. La tatu hakulipokea. Alisema, “Weye, leta wazee wako. Acha kumaliza magunia.” Mungu alitupa watoto sita, akabaki na watatu kwake. Walio hai ni Olivier, Riziki na Jephté.

Tarehe 9 Agosti 2012 Riziki alimzaa Schékinah. Uchungu ulikuwa mrefu, na mtoto alichelewa kulia. Baadaye madaktari walituambia ni mtindio wa ubongo. Mwili wake ulikuwa unakakamaa. Mkono ulikwenda asipoutuma. Maneno hayakutoka. Riziki ana biashara yake Nyanza-Lac, kwa hiyo mtoto alilelewa na marehemu, ambaye wajukuu wote humwita Koko. Koko alimwosha, akamlisha, akamtengenezea kiti chenye mito. Miguu aliifunika kitenge na kukifunga vizuri kiunoni na chini, kama inavyofaa binti anapokaa mbele za watu.

Mwaka wa 2021 kituo cha watoto kilipata kompyuta. Madamu Kaoutar, anayewafanyisha watoto mazoezi ya viungo pale, alituonyesha. Herufi ziko kwenye kioo, mwanga unapita juu yake moja moja. Mwanga ukifika kwenye herufi unayotaka, unabonyeza kitufe. Herufi inaandikwa. Mtoto asiyeweza kusema anaweza kusema hivyo.

Kitufe kilikuwa kikubwa kama kisahani. Waliweka chini ya mkono wa kulia, mkono ukaruka. Wakaweka wa kushoto, ukaruka zaidi. Wakajaribu kwenye shavu, mtoto akalia. Wakati wote huo mguu ulikuwa unapigapiga chini ya kitenge. Madamu Kaoutar akauona.

“Koko, tujaribishe muguu?”

“Hapana.”

“Ni kujaribu tu.”

“Mutoto wa kwangu hawezi kujibia wakubwa na muguu. Ni matusi hayo.”

Marehemu alipokataa, alikataa. Kwake hata kusogeza kiatu cha mkubwa kwa mguu ulikuwa unagombezwa. Madamu Kaoutar hakubishana, aliendelea na mikono. Miezi ikapita, mtoto hajaandika hata herufi. Shule ilikuwa imesema mtoto anapokelewa akiweza kujibu mwenyewe. Schékinah alikuwa anakaribia miaka kumi.

Siku moja marehemu alikuwa uani anashona. Kitenge kilikuwa kimefuliwa, kiko kwenye kamba. Schékinah alikuwa amelazwa mkekani pembeni yake, miguu wazi. Jicho la wavu likamponyoka marehemu kidoleni. Kabla hajainama, kidole cha mtoto kililidaka. Kikavuta. Kikashikilia. Marehemu akapitisha sindano, akakaza fundo. Mtoto akaachia, akadaka jicho la pili. Marehemu alishona mstari mzima namna hiyo, hadi mwisho wa wavu, ndipo akaniita.

“Zabroni, kuya uone. Angalia muguu.”

“Naona.”

“Miye nashonaka na wa kwangu tangu utoto. Wa kwake niliufunga.”

Kesho yake alianza kutengeneza kitufe. Alikata boya la wavu katikati. Chini yake aliweka kile kidude cha kubonyeza kilichotolewa kwenye kipanya kibovu cha kompyuta. Pontiani, anayetengeneza redio sokoni, ndiye aliyeunga nyaya. Juu alivisha mpira wa ndani wa baiskeli, kidole kisiteleze. Akakifunga kwenye ubao kwa fundo la nyavu. Cha kwanza kilikuwa kigumu, mtoto alichoka. Cha pili kilikuwa laini mno, kilijibonyeza chenyewe. Cha tatu kilikubali.

Siku ya kukijaribu tulikuwa wote kituoni. Tulidhani ataandika jina lake. Riziki alidhani ataandika MAMA, hata kitambaa cha machozi alikuwa amekishika tayari. Mwanga ukapita, kidole kikabonyeza. Ikatoka C. Ikatoka H. Tukangoja. Mwishowe Madamu Kaoutar akasoma: CHUMVI.

Lazima niwaeleze. Jirani mmoja alikuwa amemwambia marehemu kwamba mtoto mgonjwa hapewi chumvi. Alimpikia chakula chake peke yake, bila chumvi, tangu aanze kula. Marehemu akamtazama mtoto. “Miaka yote hii? Na ulikuwa unanyamaza tu?” Schékinah akacheka hadi akakakamaa. Siku ile alikula mukeke, samaki wa ziwa, kutoka sahani yetu.

Septemba 2022 shule ikampokea, na kituo kikatuazima kompyuta moja. Direktere, mkuu wa shule, alikuwa mtu mwema, lakini alisema wazi: “Kitufe kikisogea, nani atakirudisha? Mwalimu ana watoto wengi. Mtu wa nyumbani akae naye kila siku. Siku asipokuja, mtoto abaki nyumbani.” Marehemu akasema, “Nitakaa.” Alikuwa na miaka sitini na mitano. Alikaa kwenye benchi la nyuma, wavu magotini, mguu wa mjukuu karibu na mkono wake. Watoto walimwita Koko wa Darasa. Siku moja mwalimu alimuuliza swali la hesabu na yeye, akakosa, darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote. Schékinah sasa yuko mwaka wa nne, na hesabu hakosi.

Habari ilienea. Wakaja wazazi kutoka Gatete, wengine kutoka Bugarama, wamebeba watoto mgongoni, watoto wakubwa. Marehemu hakuanza kwa kupima mkono. Aliuliza kwanza: “Nyumbani, ni kitu gani anafanyaka, na ninyi munamukatazaka?” Baba mmoja alisema mtoto wake anapiga watu kwa kichwa. Marehemu akamshonea kitufe cha kichwa. Mwingine alisema wake anasukuma kila mtu kwa kiwiko. Akapata cha kiwiko. Hapa naona baadhi yenu mmekuja nao. Murakoze.

Aprili 2024 ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwetu, mimi nilikimbilia magodoro. Yeye aliitia kompyuta ndani ya ile sufuria ya mwaka wa 1964, akajitwika, akatoka maji yakimfika magotini. Magodoro yaliloa. Kompyuta iko nzima.

Ugonjwa wake ulikuwa tansiyo, shinikizo la damu, tangu 2023. Daktari alimkataza chumvi. Siku aliporudi na habari hiyo, Schékinah alibonyeza: SASA WEYE. Walicheka wote wawili. Safari hii mimi ndiye niliyepika vyakula viwili, kama yeye zamani.

Tarehe 20 Oktoba 2025, akiwa anajitayarisha kwenda shuleni, alianguka. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakakatika. Alitibiwa hospitalini, kisha akarudishwa nyumbani. Tulikuwa tunakisia. Maji? Tukugeuze? Umesikia baridi? Alikuwa anafumba macho kwa hasira. Tangu siku aliyoanguka Schékinah hakwenda shuleni. Alikaa kwenye kiti chake karibu na kitanda, anatutazama tunavyokisia. Jumanne tarehe 11 Novemba akaandika: MPENI KITUFE.

Riziki akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa mama yake. Schékinah akapiga kelele. Tukaelewa. Tukakifunga mguuni, kwenye kidole gumba cha kushoto kilichobaki. Mwanga ukaanza kupita. Marehemu aliandika mchana wote, anapumzika, anaandika. Riziki akasoma: NANI ATAKAA NA SHEKINA.

Riziki ana soko lake Nyanza-Lac, na wadogo wawili nyumbani. Olivier anaendesha gari Bujumbura. Jephté yuko Kigoma. Kila mtu alikuwa anajihesabu moyoni. Mimi hakuna aliyenitazama. Sijawahi kukaa darasani maisha yangu yote, na A siijui. Hata mimi sikujitazama. Marehemu akasinzia. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, alipumua polepole, kisha akaacha. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Sasa jibu.

Mama Olivier, nitakaa mimi. Jumatatu hii.

Wazee wamenikumbusha kwamba mgane hatoki nyumbani kabla matanga hayajaondolewa. Najua. Ndivyo tulivyokuta. Nimewaomba, wengine wamekubali, wengine wameinamisha kichwa. Naomba mnisamehe. Mtihani wa trimestri, wa muhula huu, uko karibu, na mtoto amekosa siku nyingi. Nitavaa nguo za msiba nikiwa darasani. Kitufe kikisogea, nitakirudisha. Fundo lake nalijua, nimelitazama miaka arobaini na tisa. Wazazi wa Gatete na Bugarama, mwenye boya la zamani asilitupe, alete. Pontiani amesema nyaya ataunga. Herufi sizijui, lakini Schékinah ameandika kwamba atanifundisha, na kwamba nisilale darasani.

Marehemu ameacha mume, Zabroni, watoto watatu, Olivier, Riziki na Jephté, wakwe zake, ndugu yake mmoja aliye hai, Ayubu wa Uvira, wajukuu wanane, na watoto wenye vitufe vyake, ambao alikuwa anawahesabu kama wajukuu.

Mstari wa mwisho si wangu. Ameuandika Schékinah jana mchana, na alikataa tusimsaidie hata herufi moja:

KOKO PUMZIKA KWA AMANI. WAVU NIMEUSHIKA.