Mshiko wa Naftali Mughwai, 1919–1959

Marehemu Naftali Mughwai alizaliwa Ilongero mwezi Machi 1919, mtoto wa nne wa mzee Mughwai na mama Dina. Alikulia nyuma ya ng'ombe. Alipokuwa na miaka tisa, mtamba mmoja mkorofi alimburuta kutoka malishoni hadi korongoni. Kamba alikuwa ameizungusha kiganjani mara mbili, kama afanyavyo kila mchungaji wa kwetu, na hakuiachia. Alirudi magoti yamechubuka, mtamba nyuma yake. Mzee Mughwai alimsifu mbele ya wageni, na sifa ile ikamkaa Naftali mikononi tangu siku hiyo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1929 hadi 1933 akamaliza darasa la nne. Mwaka 1940 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akajifunza injini. Aliporudi mwaka 1946 aliajiriwa Singida mjini kuwa fundi wa mitambo ya barabara. Siku za kazi alilala chumba cha kupanga Utemini, na kila Jumamosi alasiri alipanda baiskeli kurudi Ilongero.

Tarehe 16 Agosti 1947 alifunga ndoa na Elina, binti wa mzee Kefa wa Ikungi. Siku ya kuposa alifika na kucha nyeusi kwa mafuta ya injini, mama mkwe akanong'ona kwamba kijana ana ugonjwa. Elina alimjibu kwamba kama ni ugonjwa, basi yeye atauguza. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1955 mhandisi mmoja Mzungu, Bwana Pelham, alileta boti ya mashine katika ziwa Singidani. Mchezo wake ulikuwa huu: mtu anasimama juu ya ubao mmoja, boti inamvuta kwa kamba iliyogawanyika mwishoni na kufungwa kwenye ncha mbili za kijiti cha kushikia, naye anapinda kulia na kushoto kati ya maboya sita. Naftali alitunza injini, na boti ikitembea alikaa akitazama nyuma ili aseme nani kaanguka. Mwaka mzima alimwona Bwana Pelham akianguka kwenye boya la tatu. Sababu aliijua, nayo ilimkera vibaya, maana siku zile huwezi kumwambia Mzungu habari za mikono yake. Aliyeambiwa ni Elina, kila Jumamosi, chakula kikipoa.

"Viganja vyote ameviangalisha chini, kama mtu anayesaga uwele. Akipinda tu, mikono inanyooka, kiuno kinakunjika, huyo majini!"

"Si umwambie mwenyewe?"

"Mimi? Nimwambie mimi?"

"Basi na mimi uniache nile, Baba Raheli."

Mwishowe alimwambia. Alichukua kile kijiti cha kushikia akamwonyesha: kiganja kimoja juu, kingine chini, mikono ikaribiane, viwiko vibane mbavu, kijiti kikae karibu na nyonga. Bwana Pelham akafanya hivyo hivyo. Jioni ile alipita maboya yote sita. Toka hapo, kila aliyetaka kupanda ubao alipita kwanza kwa Naftali akatazamwe mikono.

Alipoulizwa apewe nini, Naftali aliomba kupanda mara moja tu. Siku ikawa Jumamosi, 12 Oktoba 1957. Elina alikuja kwa lori na kitinda mimba mgongoni. Alimwona mumewe akiinuka juu ya maji, mrefu, amenyooka, na anakiri kwamba alipiga kigelegele mapema mno. Kwa kuogopa kunyang'anywa kitu alichokingoja miaka miwili, Naftali alikuwa amepitisha mkono kati ya kijiti na kamba na kuizungusha kamba kiganjani mara mbili. Boya la kwanza likamwangusha. Bwana Pelham alipiga kelele, "Achia! Achia!" Naftali hakuachia. Aliburutwa hadi mashine ilipozimwa, akatolewa majini bega limeteguka.

Bega lilipona, hamu haikupona. Aliahidiwa zamu nyingine, na Elina akaamua kumnyoosha. Walifunga kijiti kwenye kamba pale uani, Elina akawa boti. Alikuwa akivuta kwa nguvu zake zote, kisha ghafla anasema, "Achia!" naye Naftali sharti afungue vidole papo hapo. Siku za mwanzo hakuweza, wakaanguka wote wawili kwenye samadi, na majirani wakaja kuamua ugomvi. Kufika Krismasi alikuwa anaachia kabla neno halijaisha.

Zamu ile haikufika. Machi 1958 Bwana Pelham alihamishwa, na boti ikapakiwa kwenye lori. Naftali aliachiwa kijiti cha kushikia. Kila alipopita kando ya Singidani alishuka kwenye baiskeli akasimama kutazama maji, na Elina alijua siku hizo kwa namna alivyochelewa. Hakumsema. Naye alitamani kumwona juu ya maji mara moja tena, mikono ikiwa sawa.

Januari 1959 kifua kilianza kumsumbua. Mei alilazwa mjini, na Elina hakutoka kando ya kitanda chake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Juni, Naftali alishika upindo wa blanketi: kiganja kimoja juu, kingine chini, viwiko mbavuni. Elina aliitazama mikono ile akitafuta pa kurekebisha, asipaone.

"Vipi mshiko?" Naftali aliuliza.

"Uko sawa kabisa, Baba Raheli."

Naftali aliendelea kumtazama. Elina alilijua neno lililobaki, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyelisema, na asubuhi ile hakulitaka kinywani. Alikaa nalo muda mrefu. Kisha aliinama akalisema polepole, na vidole vikafunguka. Ilikuwa saa nne.

Marehemu ameacha mama yake Dina, mjane wake Elina, na watoto watatu: Raheli, Simeoni na Damari. Anazikwa leo, 11 Juni 1959, hapa Ilongero, na kijiti chake kimewekwa pembeni mwake. Mungu ampe Naftali pumziko la amani. Elina ameomba iandikwe hapa, na isomwe kwa sauti, kwamba yeye bado hajaachia.