Mama Miradie Hasafirishwi

Marehemu Eunice Wakesho Ilunga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954 huko Wundanyi, Taita, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwandawiro na Mama Mghoi. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Mwakio, mdogo wake. Alinibeba mgongoni utotoni, na hadi uzeeni alikuwa akisema hajanitua bado.

Alisoma Wundanyi, akasomea uuguzi Mombasa, kisha akaja London Septemba 1979, akahudumia wagonjwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1984 alifunga ndoa hapa Thornton Heath na Bwana Ilunga wa Lubumbashi, wakajaliwa binti mmoja, Miradie.

Shemeji alifariki mwaka 2009. Kwa desturi yetu, tulimsafirisha kwao akazikwe. Dada aliliona kaburi lile mara moja tu, na Miradie hajaliona hata leo.

Alipostaafu aliingia chuo cha jioni kusoma historia. Katika mambo yote ya dunia akachagua familia za wakulima wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, waliopakia watoto, sufuria na mbegu kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe wakahamia magharibi, hadi Oregon. Watu walimcheka: Mtaita na Wazungu wa Oregon wapi na wapi? Akawajibu, "Wao wameandika habari zetu miaka yote. Nani aliwapa ruhusa?" Wala hakuwapamba; katika tasnifu yake aliandika wazi kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe, nao wakafukuzwa. Lakini aliwalilia akina mama waliozika watoto njiani, kisha magari yakapitishwa juu ya kaburi ili mbwa mwitu wasilifukue. Mama akaondoka asijue tena mwanawe kalala wapi.

"Na sisi tunafanya hivyo hivyo," aliniambia, "ila tunatumia ndege."

Machi mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mimi, kwa haraka zangu, nikafungua kundi la WhatsApp, "Kumrudisha Mama Miradie Nyumbani", nikaingiza namba zote za ukoo. Na yake ikiwemo! Kabla sijaifuta, ujumbe wake ukaingia: "Asanteni. Mimi bado nipo, na nyumbani nimeshafika. Anayetaka kunirudisha aje kwanza tunywe chai."

Nilikwenda, uso sina pa kuuweka. Nikamwambia, "Dada, Mtaita hazikwi ugenini."

"Ugenini? Miaka arobaini na tano nalipa kodi za council hapa!"

Miradie akadakia, "Uncle, please, msikilize tu."

Kesho yake alishika fimbo, akanikokota kuja kuchagua kaburi hili, karibu na kituo cha basi, ili wajukuu wasiwe na kisingizio cha kutomtembelea. Niliudhika. Wazee nyumbani waliudhika zaidi, na wengine hawajanisamehe. Wasinisamehe. Aliniomba neno moja tu maishani, nami nisingeweza kumnyima.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na miaka sabini, mkono wake mkononi mwa bintiye.

Ameacha binti yake Miradie, mkwewe Bhavesh, wajukuu Lila na Sunny, na mimi mdogo wake. Apumzike kwa amani katika udongo alioutaka mwenyewe. Na atakayeuliza kwa nini hapa, aniulize mimi.