Mstari Ni Uleule

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mama Sindano. Si ndivyo ulivyoniita leo darasani?

MWALIMU: Dada. Shikamoo. Mbona namba ngeni—

DADA: Ya jirani. Yangu huipokei tangu mchana. Na shikamoo yako kaa nayo.

MWALIMU: Nilikuwa nasahihisha... [mkwaruzo] Haloo?

DADA: Nipo. Nieleze ile sufuri. Bila hesabu, chuo cha uuguzi hakinichukui, unajua.

MWALIMU: Swali lilisema, andika mlinganyo kwa umbo sanifu. Wewe umeiacha y peke yake, sawa na tano toa theluthi mbili za x.

DADA: Ni uongo?

MWALIMU: Si uongo, ila—

DADA: Ukichora, si mstari uleule?

MWALIMU: Uleule. Lakini x na y zikae upande mmoja, namba tupu ng'ambo, na pasiwe na sehemu. Unazidisha yote kwa tatu, halafu—

DADA: Mbili x jumlisha tatu y, sawa na kumi na tano. Nimeipata njiani, hasira zikinisukuma. Sikupiga kwa hilo.

MWALIMU: Sasa—

DADA: Ulisema wengine wangebaki na sindano zao za cherehani. Wakanicheka watoto ambao ningeweza kuwazaa.

MWALIMU: Ulikuwa utani tu.

DADA: Sindano hiyohiyo ndiyo iliyokushonea sare.

MWALIMU: Najua, lakini—

DADA: Na yule binti wa dawati la mbele alipouliza kama sisi ni ndugu, maana tumefanana. Ulimjibuje?

MWALIMU: Dada, ningeonekana napendelea—

DADA: Ulimjibuje?

MWALIMU: Nilisema... sikujui.

DADA: Mimi shule niliiachia njiani, mama alipofariki. Unajua ni nani aliyekuwa akilia mgongoni mwangu?

MWALIMU: [sauti ya kalamu ikiwekwa mezani]

DADA: Haloo? Au mtandao umekata?

MWALIMU: Haujakata. Nipo... Kesho nitawaambia.

DADA: Utawaambia nini?

MWALIMU: Kwamba wewe ni dada yangu. Kwamba ndiwe uliyenilea.

DADA: Na sufuri?

MWALIMU: [anakohoa] Sufuri inabaki. Umbo halikuwa sanifu.

DADA: Hiyo naipokea.

MWALIMU: Basi yameisha?

DADA: Yaishe wapi? Salio la watu linakwisha, hasira yangu bado. Kesho nakaa mbele kabisa, nikusikie kwa masikio yangu mwenye—