Mzee Anatory Bukuru: Miaka Thelathini na Mitatu Getini, na Lori la Kumfikisha Kwao

Mzee Anatory Bukuru anaacha kazi tarehe 30 Juni 1980, akiwa ameitumikia Idara ya Mbung'o kwa miaka thelathini na mitatu. Karibu miaka yote hiyo ameimaliza kwenye mageti ya barabara za Ngara na Biharamulo, na kumi na sita ya mwisho ni hapa hapa Rwamigongo. Sisi wenzake tumeona tuandike maneno haya yasomwe leo, kwa sababu yeye akiambiwa ajieleze huanza kueleza habari za mbung'o.

Alizaliwa njiani, mwaka 1925. Baba yake, Mzee Bizimana, alikuwa anatoka Burundi na mkewe kwa miguu, wanakwenda Uganda kutafuta kibarua cha kulima pamba, kama watu wengi wa wakati ule. Walipofika Keza, huku Ngara, mama akashikwa na uchungu, akajifungua mapacha. Kwa desturi yao wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Butoyi hakumaliza mwezi. Akazikwa Keza, na mama akakataa kuendelea na safari na kuliacha lile kaburi. Uganda hawakufika tena. Mzee Bizimana akaomba pa kulima kwenye shamba la mtu, wakabaki.

Kwa hiyo Mzee Bukuru alibatizwa Keza, akachunga mbuzi Keza, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Ndani ya nyumba walisema Kirundi, nje Kihangaza. Lugha hizo zimekaribiana sana, mgeni hawezi kuzitenganisha. Watoto wenzake waliweza. Walimwita "mtoto wa Mrundi", na Burundi alikuwa hajaiona. Alipokuwa kijana alikwenda na wafanyabiashara mpaka Kabanga, akavuka kuwasalimia ndugu za baba yake. Huko nako wakamwita "Mtanganyika", wakamcheka anavyotamka maneno. Habari hiyo amekuwa akitusimulia huku anacheka. Lakini hakuvuka mara ya pili.

Idara ilimwandika mwaka 1947 kuwa kibarua wa kufyeka pori. Baadaye akapewa wavu na kofia, akawekwa getini. Kwa faida ya wageni wetu wa leo, kazi ya geti ni hii: mbung'o hupenda kufuata kitu kinachokwenda. Gari au baiskeli ikitoka porini, mbung'o hutoka nayo mpaka kwenye watu na ng'ombe, na huko huleta malale. Basi mlinzi husimamisha kila anayepita, humtazama mgongoni, huchungulia chini ya gari, hupitisha wavu, na gari hupigwa dawa. Wenyeji huita "kupepewa".

Mzee Bukuru amepepea watu wa kila namna. Padri mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kusoma Misa alimwambia amwache apite. Mzee akamjibu, "Baba Padri, mbung'o hajabatizwa, hajui Jumapili." Padri akashuka kwenye pikipiki, akageuza mgongo kanzu ikapepewa, na tangu siku hiyo alikuwa anasimama mwenyewe hata kabla ya kuambiwa. Watoto wachanga hakuwapitishia wavu, kwa sababu wavu uliwatisha. Aliwapangusa taratibu kwa kiganja, kichwani na mgongoni, na kina mama walimwachia.

Swali lake la kwanza kwa msafiri lilikuwa ni lile lile: "Unatoka wapi?" Ilimpasa aulize ili ajue kama mtu amepita porini. Wasafiri wengine wakimrudishia swali, alikuwa anasema, "Mimi natoka kwenye zamu," na mambo yanaishia hapo.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, kijiji cha Rwamigongo kilianzishwa karibu na geti letu. Malori yalileta watu kutoka kila upande: Wasubi, Wahangaza, Wazinza, na sisi Wasukuma tuliokuwa tumetawanyika kando ya barabara, ambao baadhi yetu baadaye tuliandikwa kazi getini. Kila familia ilipimiwa kiwanja kwenye mistari na shamba nyuma yake. Wengi wetu tulishuka tukiwa na hasira, hatujui jirani ni nani. Mzee Bukuru alipepea malori, watu, kuku na magodoro, kama kanuni inavyotaka. Kisha mkewe, Mama Scholastika, akaleta sufuria kubwa ya uji kwa watoto. Wapo vijana hapa leo ambao kitu cha kwanza walichokula Rwamigongo kilikuwa uji ule.

Yeye mwenyewe hakupimiwa shamba. Alikuwa mtumishi, anakaa kwenye nyumba ya serikali pale getini, na ilionekana hana haja. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja atastaafu.

Vita na Uganda vilipoanza mwaka 1978, magari ya jeshi yalipita kwetu kwenda kaskazini. Asubuhi moja msafara mrefu ulisimama getini, na afisa wa gari la mbele akawaka: "Mzee, sisi tunakwenda vitani, wewe unatafuta nzi?" Mzee Bukuru akapiga saluti na wavu wake mkononi, akasema, "Ndiyo, afande. Huko mnakokwenda kuna watu, na mtu akishapona risasi asije akafa kwa nzi." Afisa akatazama pembeni, tukaona anazuia kicheko. Akaruhusu.

Kwenye gari la nne alikuwamo Renatus Luhende, mtoto wa mwandishi wa maneno haya. Alikuwa ametoka mgambo akaingia jeshini. Baba yake hakuwa zamu asubuhi ile. Renatus alipomwona Mzee Bukuru aliinama kwenye ubavu wa lori, akampigia kelele: "Shikamoo Mzee Bukuru! Nipepee vizuri, nisije nikapeleka mbung'o wa Rwamigongo kwa adui, wakasema sisi ndio tulioanza!" Lori zima likacheka. Mzee akampitishia wavu mgongoni mara mbili, akamwambia, "Marahaba mwanangu. Umesafika. Nenda."

Habari ya kifo chake ilitufikia mwaka uliofuata, wakati wa masika. Jeshi lilimzika pamoja na wenzake, mbali. Nyumbani hapakuwa na mwili wala kaburi la kuchimba. Kwa desturi, siku ya kuanua matanga mzee wa ukoo husimama mbele ya watu akaeleza msiba: marehemu aliugua nini, alikaaje, alikwendaje. Ukoo wa Luhende uko upande wa Geita, na siku hizo mafuta hayakuwapo na magari yalikuwa ya jeshi. Tulingoja ndugu mpaka jua likaegemea. Hawakufika. Kwa waliokuwapo, hakuna aliyekuwa na haki ya kusimama.

Mzee Bukuru akamwendea Mama Renatus, Bernadetha, akachuchumaa, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, unaniruhusu?" Bernadetha akaitikia kwa kichwa. Ndipo aliposimama. Hakueleza vita. Alisema, "Huyu kijana hakuugua. Mimi nilimgusa mgongo siku anaondoka, alikuwa mzima. Alicheka, akawachekesha na wenzake. Mnaomlilia jueni kwamba alitoka hapa anacheka." Akarudia utani ule wa mbung'o neno kwa neno, na watu waliokuwa wanalia wakacheka, kisha wakalia tena, lakini sasa kwa namna nyingine. Baba na mama yake walikuwa hawajausikia. Hicho ndicho walichonacho cha siku ile ya mwisho, na walikipata kwake.

Mwanzoni mwa mwaka huu aliitwa wilayani kuandaliwa mambo ya kustaafu. Serikali yetu ina utaratibu mzuri: mtumishi akistaafu, humsafirisha yeye na mizigo yake mpaka kwao. Mhasibu akamwuliza, "Mzee Bukuru, kwenu ni wapi, tukuwekee lori?" Mzee akaigeuza kofia yake mkononi. Mhasibu akadhani hakusikia, akaongeza, "Au tuseme Kabanga, mpakani? Ndugu zako wakupokee pale?"

Alirudi getini, na kwa wiki kadhaa alikuwa mtu mwingine. Keza, pale baba yake alipoomba pa kulima, palihamishwa wakati wa vijiji na sasa pana wenyewe wengine. Mama Scholastika ni mtu wa Kibimba ya Ngara, lakini mwanamume kwenda kuzeekea ukweni ni aibu aliyoshindwa kuimeza. Burundi alifika mara moja tu. Mama Scholastika alisema mbele yetu, "Mimi huko sijui hata njia ya kisimani. Kama ni kujifunza njia upya, miguu imekataa." Nyumba ya getini inatakiwa iwe wazi ifikapo Julai, kwa ajili ya mlinzi mpya. Alikuwa na miezi michache ya kupata pa kwenda, baada ya miaka hamsini na mitano.

Mwezi wa Aprili alipeleka ombi la shamba kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Ndugu Alfonce Nshoma, alilisoma. Mjumbe mmoja akasimama, na tuseme kweli, hakusema kwa ubaya. "Mzee huyu tunampenda," alisema. "Lakini serikali imempa lori limpeleke kwao. Mtu mwenye kwao tumpe shamba la nini?"

Bibi Domisiana, wa mstari wa pili, hakungoja kuruhusiwa. "Na wewe kwenu ni wapi? Si lori la serikali lilikumwaga hapa na beberu wako, ukalia mpaka jioni?"

"Aliyelia ni beberu," mjumbe akajitetea.

"Basi mlipokezana!"

Mkutano ukavunjika mbavu. Mjumbe naye akacheka, akakaa. Lakini Mwenyekiti hakucheka. Alisema hana ugomvi na Mzee, tatizo ni kwamba mashamba yaliyopimwa yamekwisha, na pori lililobaki haliruhusiwi kwa sababu ya mbung'o. Hilo Mzee Bukuru alilijua kuliko wote. Alikuwa amekaa nyuma, kofia ya kazi magotini. Tulimwona anaanza kuinuka aondoke.

Ndipo Bernadetha aliposimama. Yeye si mtu wa kusema mikutanoni. "Lipo shamba la Renatus," alisema.

Kijiji kilikuwa kimempimia Renatus mwaka ule alipotimiza umri, akioa ajenge. Alikuwa amefyeka kona moja tu. Tangu msiba lilikuwa limelala, na hakuna aliyethubutu kuliuliza.

"Nimemwuliza baba yake, amekubali," Bernadetha aliendelea. "Siku ya matanga nilikosa ndugu wa kusimama. Huyu akasimama. Sasa na mimi nimesimama. Mpeni."

Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti aliuliza mara moja tu, mikono yote ikawa juu, na ule wa mjumbe wa beberu ulikuwa wa kwanza. Mzee Bukuru akaambiwa aseme neno. Akakaa chini, na Mama Scholastika akamshukuru kila mtu badala yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikuja nyumbani kwa Luhende na jembe begani. Hakutaka kuanza peke yake. Aliomba aonyeshwe mahali kijana alipokuwa amesema atajenga nyumba. Tulimwonyesha: pale penye mwinuko kidogo, mlango utazame barabara. Nyumba ya Mzee imekwisha kuezekwa sasa, na mlango unatazama barabara.

Limebaki jambo moja, ambalo limewachekesha wengi huko wilayani. Mhasibu alipoambiwa kwamba kwao Mzee ni Rwamigongo, alisema, "Mzee, kutoka getini mpaka kijijini ni hapa na hapa. Si unaweza kuhamisha kitanda kwa kichwa?"

Mzee Bukuru alimjibu, "Ninaweza. Lakini kila aliyestaafu serikali imemfikisha kwao. Na mimi ninaomba nifikishwe."

Mhasibu akaweka saini. Lori litakuja Jumanne asubuhi. Dereva Malongo amesema atapiga honi kutoka getini mpaka mlangoni, na kina mama wa mstari wa kwanza wamekwisha kusema watatembea nyuma yake wakiimba.

Mzee Bukuru, tunakushukuru kwa wavu wako, kwa kiganja chako juu ya vichwa vya watoto wetu, na kwa siku ile uliyosimama. Mama Scholastika, tunakushukuru kwa uji. Mungu awape afya, mvua ya vuli isichelewe, na migomba mtakayopanda ishike.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake wa geti la Rwamigongo,
Ansbert Luhende